Taa ya Kijani ya Chumba cha Gundi

Nianze na chupa ya rangi ya kucha, maana bila hiyo nisingeuza kidude hata kimoja.

Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kuuza vipima hewa. Kwenye karatasi za kampuni vina jina refu lililojaa maneno ya kikemia, lakini kazi yake ni rahisi kueleza. Kinavuta hewa ya chumba na kutambua mivuke inayotoka kwenye gundi, rangi, thina, petroli na dawa za kusafishia, ile mivuke inayokuingia kichwani kabla hujajua kuwa imeingia. Hewa ikiwa nzuri, kinawaka taa ya kijani. Ikiharibika, kinawaka nyekundu na kulia. Sisi wauzaji tulikiita kidude, na wateja nao wakakiita hivyo hivyo.

Mteja hanunui kitu kilichokaa kimya mezani. Kwa hiyo bosi wangu, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Sampuli kwa sababu kila swali alilijibu kwa "wape sampuli," alinifundisha kutembea na chupa ya rangi ya kucha mkobani. Nafika kwa mteja, naweka kidude mezani, nafungua chupa na kuisogeza karibu. Kidude kinapiga kelele, meneja anaruka kidogo kwenye kiti chake, anacheka, anasaini. Chupa ile ilikuwa nyekundu na sikuwahi kupaka kucha zangu hata moja. Niliuza vidude kwa mafundi samani, kwa wapiga chapa, kwa wapaka magari rangi, na kila mmoja niliamini nimemsaidia. Sasa nikikumbuka nasikia aibu, na aibu yangu ikikaa muda kidogo inageuka hasira. Nayasema haya kwa hasira, na nitayamaliza kwa hasira, kwa hiyo asiyependa kelele aniwie radhi.

Mwenye habari hii si mimi. Ni shangazi yangu.

Shangazi ni mbandika soli. Amefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa katika kiwanda cha viatu, kwenye chumba kirefu chenye dirisha moja, nalo limepigiliwa misumari ili vumbi lisiingie kwenye gundi. Wanawake kumi na wanne wanakaa pande mbili za meza moja, kila mmoja na kopo lake na brashi yake. Unapaka ngozi, unapaka soli, unaviweka kando, unangoja gundi ikauke kidogo mpaka inate kidoleni bila kukuchafua, ndipo unabandika na kugandamiza. Huko kungoja ndiko kubaya. Gundi inapokauka haiendi mbinguni, inahamia kwenye hewa, na kutoka kwenye hewa inahamia kwa mtu.

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka saba, na shangazi, dada yake wa pekee, alikuja na mfuko mmoja na kunichukua. Hakuuliza nani atakula nini. Alikuwa na wanawe wawili, nikawa wa tatu, na baada ya mwezi mmoja hakuna mtu mtaani aliyejua yupi ni wa kuzaa na yupi ni wa kuletewa. Nimesomeshwa na chumba kile cha gundi mpaka chuo. Jioni alikuwa anakaa mlangoni akibandua gundi iliyoganda vidoleni, inatoka vipandevipande kama ngozi ya pili, anaviringisha vidonge vidogo vigumu, nasi tunavichezea gololi. Tulikuwa tunagombania vidonge vile.

Kabla ya kiwanda alikuwa na jina la utani, Pua. Alipewa jina hilo na baba yangu walipokuwa watoto. Alikuwa na uwezo wa kusimama mlangoni na kusema maziwa haya kesho asubuhi yatakuwa yameganda, au mchele huu una wadudu chini ya gunia. Kuiba kitu nyumbani kwake ilikuwa kazi bure. Ukikana, anasema tu, "Leteni vidole." Tunajipanga mstari mmoja, mikono mbele, ananusa kidole kwa kidole mithili ya hakimu, halafu anashika sikio la mwizi. Hakuwahi kukosea. Binamu yangu mkubwa aliwahi kunawa kwa sabuni mara tatu baada ya kula sukari guru, bado akakamatwa, na shangazi akamwambia kwa uso mkavu, "Na sabuni yangu umeimaliza. Makosa mawili."

Mchezo huo ulikoma pole pole. Sisi tulidhani tumekua.

Basi, mwaka jana wanunuzi wa nje waliiandikia menejimenti ya kiwanda kwamba hawataagiza tena viatu kutoka kwenye chumba cha gundi kisicho na kipima hewa. Bwana Sampuli alipata habari hizo kabla wino haujakauka. Alinituma mimi. Nilimwona meneja wa uzalishaji, nikafungua chupa yangu, kidude kikalia, meneja akaruka, akasaini. Nilifurahi kama mtoto. Nilijiona nimerudi kwenye chumba kilichonilea nikiwa na zawadi mkononi. Shangazi aliniomba nisimwambie mtu kiwandani kuwa sisi ni ndugu. "Watasema nimekuletea biashara, mama," alisema. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake mzazi.

Siku ya kukifunga ndipo nilipofanya kosa langu, na sitaki kulipamba.

Kidude kile hakizaliwi kikijua hewa nzuri ni ipi. Kinafundishwa. Siku nane za kwanza baada ya kuwashwa kinavuta hewa inayokizunguka, taa inawaka njano, na hewa hiyo ndiyo kinayoiita safi. Baada ya hapo kinafunga hesabu yake na kila kitu kinakipima kwa hewa ile ya mwanzo. Kwa hiyo kitabu cha maelekezo, ukurasa wa tatu, kinasema kiwashwe nje, mahali penye upepo, kikae siku nane, ndipo kipelekwe kazini. Nilisomeshwa ukurasa huo siku ya mafunzo. Niliitikia kwa kichwa.

Meneja alisema hana siku nane, wanunuzi wanataka picha. Nilimpigia bosi. "Kiwashie humo humo," alisema Bwana Sampuli. "Kitajifunza kikiwa kazini. Kote tunafanya hivyo." Na kweli kote tulifanya hivyo. Hakuna mteja anayelipia kitu halafu akubali kukianika nje kama nguo. Nikapanda kiti, nikakifunga ukutani juu ya makopo kumi na manne yaliyo wazi, nikakiwasha. Shangazi alinikonyeza kutoka mwisho wa meza. Nilihisi harufu inanikamata koo, nikajiambia nitatoka sasa hivi.

Siku nane kiliwaka njano. Siku ya tisa kikawaka kijani, meneja akakipiga picha na kuituma. Wanunuzi walijibu kwa sentensi moja ya pongezi. Hakuna aliyeuliza chumba kinanukaje, wala watu wake wanalala vipi usiku. Walitaka picha ya taa, wakapata picha ya taa.

Miezi minne ikapita. Ndipo msichana mmoja mgeni, aliyekuwa na wiki mbili tu kazini, akaanguka. Ilikuwa saa nne asubuhi. Asubuhi ile alikuwa amelalamika kuwa kuna harufu kali, wenzake wakamcheka na kumwambia atazoea. Alianguka juu ya meza, uso kwenye soli. Shangazi alimnyanyua, akamtoa uani, kisha akarudi mlangoni na kuwaambia wote watoke. Walitoka. Walikaa kwenye kivuli cha ukuta saa nzima, na katika saa hiyo, shangazi alinieleza baadaye, wengine waliacha kutetemeka mikono bila kujua kuwa walikuwa wanatetemeka.

Meneja alikuja mbio. Hakwenda kwa aliyeanguka. Alikwenda kwenye ukuta.

"Taa ni ya kijani," alisema. "Ya kijani! Mnaumwa nini, uvivu?"

Kesho yake shangazi akakabidhiwa barua. Ameshtakiwa kwa kusimamisha kazi na kueneza uzushi kinyume cha kipimo halali. Kikao Jumanne. Adhabu inayopendekezwa ni kuachishwa kazi, naye ana miaka miwili tu kufikia kustaafu. Miaka kumi na tisa amewabandikia viatu, hata njiani anaangalia miguu ya watu na kusema "kile changu, na kile," halafu anaitwa mzushi na kidude nilichokifunga mimi kwa mkono wangu.

Jumapili mchana nilikwenda kwake. Alikuwa anapika, wajukuu wawili wakicheza chini ya meza. Nilivuka mlango tu nikasikia maziwa yanaungua. Yalikuwa yameshashika chini ya sufuria, moshi unatoka, na yeye amesimama hatua mbili kutoka jikoni anakunja nguo.

"Shangazi, maziwa!"

Aligeuka, akayaona, akaitoa sufuria motoni bila haraka. "Yameungua tena," alisema.

Nilitaka kumfariji, na ujinga wangu ukanitangulia. Nikamwambia labda msichana yule alikuwa na njaa, au ana ujauzito, kwa sababu kidude hakidanganyi. Nilitamka hivyo hasa, "Shangazi, kidude hakidanganyi," kwa sauti ninayotumia kwa wateja.

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alikaa, akafuta mikono, akaniuliza, "Hebu nieleze, mama. Kile kidude kilipoingia mle chumbani, kilijuaje hewa nzuri ni ipi? Nani alikionyesha?"

Nilichukua kijiko nikaanza kukwangua sufuria.

"Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe wiki ya kwanza nilitapika. Wiki ya pili kichwa kiligonga. Wiki ya tatu sikusikia kitu, nikafurahi, nikawaambia wenzangu nimezoea. Tangu hapo kila mgeni tunamwambia atazoea. Sasa kile kidude tuliingia nacho chumba kimoja, hewa moja." Alicheka kidogo. "Nacho si kimezoea?"

Mwanamke aliyeishia darasa la saba alikuwa amenisomea ukurasa wa tatu bila kuuona.

Akasimama, akaleta aproni yake ya kazi. Anaifunga kwenye mfuko wa plastiki wenye mafundo mawili na kuitundika nje, nyuma ya nyumba, kwa sababu wajukuu walikuwa wakilia kuwa vichwa vinauma ilipotundikwa ndani. "Wao ndio wanaoniambia," alisema. "Mimi siisikii." Nilifungua fundo moja tu. Macho yalinitoka machozi.

"Tangu lini husikii harufu?"

"Sijui, mama. Kitu kikiondoka pole pole hakikuagi."

Jumatatu Bwana Sampuli aliniita ofisini. Kiwanda kimeomba mtaalamu wetu afike kwenye kikao kuthibitisha kuwa kidude kiko sawa. "Sentensi moja tu," alisema. "Kifaa kipo sawa, asante, kwaheri. Wale wataagiza vingine." Nilisema sawa. Nikatia mkobani kidude changu cha maonyesho, ndugu wa kile cha kiwandani, vimetoka katoni moja. Tofauti ni kwamba hiki nilikiwasha kwangu, ghorofa ya nne, dirishani, siku nane kamili, kwa sababu bila hivyo kisingeisikia rangi ya kucha na nisingeuza kitu. Hebu fikiria. Kidude cha kumfurahisha mteja tulikifundisha vizuri. Kile cha kumlinda mtu tulikitupa gizani.

Jumanne, ofisi ya utumishi. Meza, viti sita, feni mbili darini, maana mle ndani hakubandikwi soli. Walikuwepo meneja, ofisa utumishi na mwakilishi wa wafanyakazi aliyekuwa ameinamia simu yake. Shangazi alivaa gauni lake la mambo ya maana na kukalia nusu ya kiti. Kidude cha chumba cha gundi kilikuwa kimeng'olewa na kuwekwa katikati ya meza, kijani, kama shahidi.

Ofisa utumishi alimuuliza shangazi kwa upole wa kuudhi kama ni kweli aliwatoa wenzake. Akasema ni kweli. Kwa nini? Kwa sababu hewa ni mbaya.

"Unasikia harufu mbaya mle ndani?"

"Hapana. Mimi sisikii harufu yoyote."

Meneja aligonga meza kwa kiganja, ameshinda. "Mnasikia? Mwenyewe amekiri! Hasikii harufu. Kipimo hakioni kitu. Sasa wewe mama unajuaje kuwa hewa ni mbaya?"

"Najua kwa sababu hiyo hiyo," alisema shangazi. "Kwa sababu sisikii."

Meneja akacheka. Alicheka! Mwakilishi wa wafanyakazi naye akatabasamu kwenye simu yake, sijui kwa kilichokuwa simuni au kwa kilichokuwa mezani, na sitaki kujua. Nimeona watu wengi wakidharauliwa, lakini kumuona mtu aliyepokonywa pua akichekwa kwa kuwa hana pua, hilo lilinichoma. Nikaambiwa niseme sentensi yangu.

Nilitoa kidude changu na kukiweka kando ya chao. Vyote viwili kijani. Kisha nikamwomba shangazi mfuko wake. Alikuwa nao chini ya kiti, kama tulivyopatana. Nikafungua mafundo yote mawili, nikaitoa aproni, nikaitandaza mezani katikati ya vidude viwili.

Changu kilianza kulia kabla sijaketi. Kikawa chekundu, kikalia ile sauti ya kuruka kwenye viti. Chao kikabaki kijani, kimetulia tuli.

"Kifaa chenu kipo sawa," nilisema, kwa kupiga kelele ili nisikike. "Kinafanya kazi kama kilivyofundishwa. Nilikifundisha mimi, chumbani kwenu, juu ya makopo yenu, kwamba hiyo ndiyo hewa safi. Nilikosea. Huyu mama hakukosea."

Ofisa utumishi alifungua dirisha kwa mikono miwili. Mwakilishi aliweka simu chini. Nikakizima changu.

Mashtaka yalifutwa siku ile ile. Barua ya kufuta ilikuwa na mistari miwili na hapakuwa na neno samahani kwenye wowote. Nilidhani mambo yatakwenda, kesho wataleta mafundi, watang'oa misumari ya dirisha. Nilikuwa bado mtoto.

Meneja alinifuata kwenye korido. Sura imelainika, sauti ya chini.

"Dada, wanunuzi wanakuja wenyewe mwezi ujao. Tunahitaji vidude zaidi. Kumi na viwili, vizunguke chumba chote."

"Vizuri," nilisema.

"Viwe kama kile cha kwetu." Alitazama nyuma, kisha mbele. "Hicho chako kina kelele."

Sikuamini masikio yangu. Alikuwa amesikia kila neno, ameelewa kila neno, kuliko mimi nilivyoelewa siku ya mafunzo, na alichopata katika kuelewa kwake ni namna ya kununua ukimya kwa katoni. Nilimwambia Bwana Sampuli, nikitegemea kwamba angalau yeye atashtuka. Aliruka kwa furaha. "Kumi na viwili! Wape! Kaviwashie mle mle!" Ndipo nilipoielewa biashara yangu. Watu kama hawa hawanunui kipimo. Wananunua taa ya kijani, na sisi tunajua, na tunawauzia.

Nilisema nitawapa. Nilichukua vidude kumi na viwili stoo, nikasaini, nikavipakia kwenye teksi na kuvipeleka kwa shangazi.

Alivipanga uani juu ya ukuta mfupi, penye upepo, kila kimoja na nafasi yake. Nikaviwasha. Taa kumi na mbili za njano. Mvua ilipotishia alivihamishia chini ya paa la mlangoni, pakavu na pa wazi, na mawingu yakiondoka anavirudisha. Alimkataza jirani kuchoma takataka. Jirani alipouliza ni nini hivyo, shangazi alisema, "Wanafunzi. Usiwaharibu." Fundi wa mtaa wa pili alipoanza kupaka geti rangi, alimwendea na kumbembeleza angoje wiki ijayo, na sijui alimwambia nini, lakini fundi alingoja. Kila jioni aliporudi kazini alifunga aproni yake mafundo matatu badala ya mawili na kuipeleka mbali zaidi, kwenye kona ya choo cha nje. Siku ya tisa vyote vikawaka kijani. Ukurasa wa tatu, neno kwa neno. Sikumdanganya mtu, nilifanya kile kitabu kilichosema.

Meneja alitaka vifungwe asubuhi ya ugeni, ili ving'ae. Nilifika saa moja na nusu, kabla makopo hayajafunguliwa, dirisha la misumari likiwa limefungwa kama kawaida. Baada ya usiku mzima wa makopo kufunikwa hewa ilikuwa nafuu kidogo. Kidude cha kwanza nilichofunga kilisitasita, kikatoa taa ya chungwa, katikati ya kijani na nyekundu, lakini hakikulia. Meneja alichungulia, akaona hakuna kelele, akaondoka kupokea wageni. Nilimaliza vyote. Wanawake wakaingia, wakafungua makopo.

Wageni walikuwa wanne. Walikuwa wamefika katikati ya chumba, meneja akiwaonyesha ukuta kwa mkono, cha mlangoni kilipoanza kulia. Kikafuata cha pili. Kisha vyote kumi na viwili kwa pamoja, vyekundu pande zote, kelele za kupasua masikio. Mgeni mmoja aliziba pua na leso, na mara hiyo ndipo nilipojua kuwa harufu walikuwa wameisikia tangu mlangoni, lakini walikuwa wanangoja kuambiwa na taa.

Kiwandani kulikuwa na tangazo ukutani, lililokuja na kidude cha kwanza na kusainiwa na meneja mwenyewe: KIKILIA, WOTE TOKENI NJE. Shangazi aliweka brashi yake chini. Alilisoma kwa sauti, pole pole, kama mtu anayesoma barua ya mwanawe, kisha akasema, "Haya jamani. Ni amri ya meneja." Wanawake walitoka wakijizuia kucheka. Yeye alitoka wa mwisho, baada ya kufunika makopo kumi na manne, moja moja, wakati wageni na meneja walikuwa wameshakimbilia uani.

Chumba kilifungwa wiki tano. Sasa kina madirisha manne na feni mbili kubwa zinazovuta hewa nje, nimeziona kwa macho yangu. Vidude bado vipo ukutani, na mchana vinawaka kijani cha kweli. Mimi nilimwaga unga wiki ile ile. Bwana Sampuli alinifukuza kwa kosa la kuchelewesha bidhaa kwa siku nane, ndivyo barua ilivyosema, na nasikia anaendelea kuviuza na kuviwashia humo humo. Kuna vyumba vingapi vya rangi, vya gundi, vya wino, vyenye taa za kijani nilizowasha mimi? Nina orodha. Naipitia mlango kwa mlango, na pini ya kubonyezea kitufe cha nyuma kinachokisahaulisha kidude kila kitu, kianze upya. Wengine wananifungulia. Wengi wananifukuza.

Maana kidude kinaweza kusahaulishwa. Pini moja, siku nane za upepo, na kimepona. Shangazi ameacha gundi, amekaa kwenye hewa nzuri mwezi wa kumi na moja huu. Daktari wa pua alimnusisha vichupa sita, akasema tuvute subira, na alipoandika hakututazama.

Jumapili iliyopita nilimkuta ameketi kitandani, wajukuu wamelala nyuma yake, mmoja huku mmoja huku. Vidole vyake havina tena gundi. Nilitoa ile chupa mkobani, nyekundu, iliyobaki nusu, nikamwambia leo ninampaka. Alicheka, akasema uzeeni hivi, lakini akanyoosha mkono. Nilifungua chupa, nikapaka kidole gumba, kisha cha pili, naye akikodoa macho kama anatazama mkono wa mtu mwingine.

Kwenye kidole cha tatu akanishika mkono.

"Mama, niambie. Inanuka?"

"Inanuka, shangazi."

"Sana?"

"Sana."

Akainuka taratibu, vidole vyenye rangi mbichi amevitanua hewani visiguse shuka. "Basi tutoke nje," alisema. "Watoto wamelala humu."